Ukitaka kusomea kinga ya mionzi, anza na kipimo

Kila msimu wa kuomba vyuo ukifika, vijana huniuliza wasome nini ili waje kufanya kazi kama yangu, ya afisa usalama wa mionzi hospitalini. Nawajibu hivi: someni fizikia, na msikubali kuhitimu kabla hamjakizoea kipima mionzi.

Kwa Tanzania njia huanzia kidato cha tano. PCM (fizikia, kemia na hesabu) inafaa zaidi kwa sababu ya hesabu. PCB (yenye baiolojia badala ya hesabu) nayo inafika, ila jiandae kuikimbiza hesabu ukiwa chuoni. Usihangaike ukikosa kozi iliyoandikwa "fizikia ya afya", jina jingine la fani hii ya kinga ya mionzi. Shahada ya kwanza ya fizikia inakufungulia mlango. Kabla ya kuchagua chuo, nenda idarani uulize: wanafunzi wanafanya mazoezi kwa vyanzo halisi vya mionzi? Vipima mionzi vilihakikiwa lini mara ya mwisho? Wakibabaika, tafuta kwingine.

Ukiingia maabara, pima kwanza mionzi ya asili ya chumba, kabla chanzo hakijatolewa kwenye kasha lake la madini ya risasi. Iandike, maana utaiondoa kwenye kila namba itakayofuata. Kisha vumilia. Kipima huhesabu mapigo, yaani kila mara kinaponasa mionzi, na shaka ya hesabu hiyo ni kipeo chake cha pili. Ukihesabu mapigo 100, shaka yako ni 10, yaani asilimia 10. Ukisubiri hadi 10,000, shaka ni 100, asilimia 1 tu. Wengi huharakisha hapa ili wawahi chakula, na ripoti zao huonyesha. Halafu sogeza kipimo kutoka sentimita 20 hadi 40 uone kiwango kikishuka hadi karibu robo ya kile cha mwanzo. Kanuni hiyo ya umbali umeisoma tangu sekondari, lakini ukishaiona kwenye daftari lako mwenyewe, hutamwacha mtu asimame karibu na chanzo bila sababu.

Nusumaisha, yaani muda wa mionzi ya chanzo kupungua hadi nusu, ziweke kichwani: teknisiamu-99m saa 6, iodini-131 siku 8, iridiamu-192 siku 74, kobalti-60 miaka 5.27, seziamu-137 miaka 30. Zikipita nusumaisha 10, kinachobaki hakifiki sehemu moja ya elfu. Ndiyo maana taka za iodini zinaweza kusubiri stoo zikapoa, lakini za seziamu haziwezi.

Soma pia ajali, na uzisome taratibu. Anza na Goiânia, Brazili, mwaka 1987. Waokota vyuma waling'oa chanzo cha seziamu kwenye kliniki iliyohamwa, kikauzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu, na watu wakagawana unga wake kwa sababu uling'aa buluu gizani. Watu 4 walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka 6. Kwa jumla watu 249 walikutwa na uchafuzi wa mionzi. Mwanafizikia aliyeitwa kupima aliazima kifaa, mshale ukagonga mwisho wa kipimo, akadhani ni kibovu akaenda kuchukua kingine. Hapo mimi husimama kila ninapofundisha. Mshale ukigonga mwisho, rudi nyuma kwanza, mambo ya ubovu wa kifaa yatafuata ukiwa mbali. Nasi mitaani kwetu tuna wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa hiyo kisa hiki kinatuhusu.

Utaalamu wenyewe huja baada ya shahada ya kwanza. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia yenye uzamili. Chuo Kikuu cha Ghana kimekuwa kikiendesha kozi ya uzamili ya kinga ya mionzi kwa kushirikiana na IAEA, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na maombi yake hupitia mamlaka ya nchi, kwa hapa Tume ya Nguvu za Atomiki. Basi jenga mahusiano nao mapema, hata kwa mafunzo ya vitendo. Dada zangu, ipo pia Marie Skłodowska-Curie, ufadhili wa IAEA ulioanzishwa mwaka 2020 kwa wanawake wanaosoma uzamili wa fani za nyuklia: hadi yuro 10,000 za ada na 10,000 za kujikimu kwa mwaka. Ombeni, msijikatae wenyewe.

Ukipelekwa mafunzo ya vitendo, dai siku ya kwanza beji yako ya dozi, ile inayorekodi mionzi unayopokea. Usiazime ya mwenzako. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati (kipimo cha dozi) 20 kwa mwaka ndani ya miaka 5, na dozi yako haiwezi kujumlishwa kama imeandikwa kwa jina la mtu mwingine. Siku ya kuondoka, omba nakala ya rekodi uihifadhi pamoja na vyeti vyako.