Sarafu Zimejaa Mikebe: Jinsi ya Kuchagua za Kubaki Nazo

Nakusanya sarafu na noti za zamani hapa Jinja. Kwa miaka mingi kila nilicholetewa nilikipokea, mpaka mikebe ya maziwa ya unga ikajaa chini ya kitanda na mwenyewe nikawa sijui nina nini. Nilipunguza hivi.

Hatua ya 1: Mwaga zote. Tandika shuka nyeupe mezani, zima feni ili noti zisipeperuke, nawa mikono na uikaushe. Sarafu ishike ukingoni, usiiguse usoni.

Hatua ya 2: Gawa kwa enzi. Fungu la kwanza ni za Afrika Mashariki, zile zenye picha ya simba na zenye tundu katikati, zilizotumika kabla ya Uganda kuwa na sarafu zake. La pili ni za Benki Kuu ya Uganda tangu 1966. La tatu ni za kuanzia 1987, fedha ilipobadilishwa na shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya. Kisha panga kila fungu kwa mwaka. Hapo ndipo nilipogundua nina senti kumi za tundu zaidi ya sitini, nyingi za mwaka mmoja.

Hatua ya 3: Chagua mbili tu. Kwa kila aina na kila mwaka, bakiza iliyo bora kabisa na moja ya kubadilishana na wenzako. Ipeleke dirishani uiinamishe, maana mwanga wa ubavuni hauifichi mikwaruzo. Kwenye shilingi ya simba mimi hutazama manyoya ya shingoni. Yakionekana mojamoja, inabaki. Yakiwa yamelika yakawa laini, imetembea sana mikononi mwa watu.

Usiharakishe kutoa shilingi na thumuni za 1921 hadi 1946: robo ya madini yake ni fedha, yale madini meupe ya thamani. Za kuanzia 1948 hazina madini hayo hata kidogo.

Angalia pia ndururu (senti tano) na senti kumi za 1936. Baadhi zina jina EDWARDVS VIII, mfalme aliyetawala chini ya mwaka mmoja akajiuzulu kabla ya kutawazwa. Wengi wakiiona hudhani wametajirika. Zilitengenezwa kwa wingi na bado zinapatikana kwa urahisi. Bakiza moja kwa ajili ya historia yake, nyingine zitoe bila kusita. Noti za 1973 zenye picha ya Amin nazo ni vivyo hivyo, kwa hiyo anayekutajia mamilioni kwa noti moja iliyochakaa, mwogope.

Hatua ya 4: Zenye hadithi haziguswi. Nina senti saba za tundu ambazo bibi yangu wa Bombo alizitunga kwenye uzi wa katani. Uzi umekuwa mweusi kwa jasho, na mbili kati ya senti hizo hazisomeki mwaka. Sokoni hazina bei. Nimeziacha kwenye uzi wake, na karatasi yenye jina lake iko pembeni.

Hatua ya 5: Usisugue. Nakuomba sana, ndugu yangu. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliisugua shilingi ya 1924 kwa ndimu na majivu. Iling'aa siku hiyo, lakini ule utando wa miaka uliondoka na mikwaruzo ikabaki. Haikurudi tena. Yenye udongo ichovye kwenye maji safi, uikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini.

Hatua ya 6: Toa zilizozidi. Anza na kubadilishana. Ukiuza, uliza bei kwa wanunuzi wawili au watatu. Zilizochakaa kabisa mimi huzipeleka shuleni: watoto hufurahi kushika senti ya tundu, na wakiambiwa kwamba *ensimbi* ya Kiganda ndiyo simbi, kombe lile lililokuwa pesa kabla ya shilingi, hawaachi kuuliza maswali.

Hatua ya 7: Hifadhi zilizobaki. Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, kwani huacha utando wa kijani kwenye sarafu. Tumia bahasha ndogo za karatasi, na uandike kwa penseli kabla ya kuitia sarafu ndani. Huku ziwani unyevu ni mwingi, hivyo weka vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, na sanduku likae juu ya rafu, mbali na sakafu.