Kupima mradi wa urithi Lamu: anza na ukuta
Mradi wa kufundisha vijana lipu ya chokaa katika Mji Mkongwe wa Lamu, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, huwezi kuupima ukiwa ofisini. Daftari la mahudhurio lisome, ila usiliamini. Mahali fulani niliwahi kukuta majina 30, sahihi zote mwandiko mmoja!

Nenda ukutani. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe tupu, imeachana na jiwe la matumbawe. Ukikuta saruji, uliza aliyeiweka na sababu yake, maana saruji hufungia unyevu ndani na ukuta huharibika polepole.

Mahojiano yafanyie barazani baada ya Alasiri, afisa wa mradi asiwepo. Ukiuliza "Mradi umekusaidia?" utajibiwa ndiyo, kwa adabu tu. Uliza: "Kazi ya mwisho ya chokaa ulifanya lini, ukalipwa ngapi?" Kina mama nawaachia mwenzangu wa kike, mimi ndani siingii.

Rasimu ya ripoti yako wasomee mafundi kwanza, mfadhili baadaye. Mara nyingi watakusahihisha bei ya chokaa.