Namna ya Kuandaa na Kuhamishia Muziki kwenye Redio yenye Ramani ya Gari Lililotoka Japani

Gari lililotumika Japani linapoteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam au ya Mombasa, mara nyingi huja na redio yenye skrini, ramani ya barabara za Japani na maandishi ambayo mmiliki wake mpya hawezi kuyasoma. Ramani hiyo haina kazi huku kwetu, na redio yenyewe imetengenezwa kupokea masafa ya FM ya Japani, yaani kuanzia megahezi 76 hadi 90, au hadi 95 kwa redio za miaka ya karibuni, ilhali vituo vyetu vimetapakaa kati ya 88 na 108. Kwa hiyo, isipokuwa fundi amefunga kifaa cha kupanua masafa, dereva hubaki na vituo vichache vya mwanzoni tu. Kinachobaki na manufaa kamili ni uwezo wa redio hiyo kupiga muziki kutoka kwenye flashi, kadi ya SD au CD, na wengi hukata tamaa hata kwa hilo baada ya kuona nusu ya nyimbo zao hazionekani, wakaanza kutafuta redio nyingine wakati kasoro iko kwenye flashi.

Kabla ya kugusa kompyuta, tafuta namba ya modeli ya redio. Huwa imeandikwa kwenye ukingo wa skrini, au sehemu inayofichuka skrini inapoinama kuruhusu CD iingie, au kwenye stika iliyobandikwa ubavuni mwa redio. Watengenezaji kama Pioneer, ambao nchini Japani huuza redio zao kwa jina la Carrozzeria, au Panasonic, wanaotumia jina la Strada, huweka vitabu vya maelekezo kwenye tovuti zao kama mafaili ya PDF. Kitabu ni cha Kijapani, lakini jedwali la mafaili yanayosomeka halihitaji mkalimani, kwa sababu majina MP3, WMA, AAC, FAT32 na SDHC huandikwa humo kwa herufi za Kirumi na namba za kawaida. Ukurasa wowote uliobaki unaweza kuelekezewa kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri, ingawa tafsiri hizo huwa na vichekesho vyake.

Lipo onyo moja linalopaswa kutangulia mambo mengine yote. Ukikuta kadi ya SD tayari imo ndani ya redio, usidhani ni nafasi ya bure ya kuweka nyimbo. Katika redio nyingi kadi hiyo ndiyo iliyobeba ramani pamoja na programu inayoendesha redio, na ukiifuta, redio inaweza kukataa kabisa kuwaka. Baadhi ya redio za Toyota hujifunga betri ya gari inapotolewa, kisha huomba kadi hiyohiyo ya ramani au namba maalumu ya siri ili zifunguke. Mafundi wanaofungua redio hizo wapo, na hawafanyi bure. Iache kadi hiyo mahali pake, na ununue flashi au kadi nyingine kwa ajili ya muziki.

Tuje kwenye flashi. Redio nyingi za aina hii husoma mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32 peke yake, au FAT16 kwa zile kongwe zaidi. Hazitambui NTFS, na ni chache zinazotambua exFAT. Kadi za SD nazo zina vizazi vyake: SD ya kawaida huishia gigabaiti 2, SDHC ni kuanzia 4 hadi 32, na SDXC huanzia 64 na kutoka kiwandani ikiwa na exFAT. Redio iliyotengenezwa kabla SDXC haijaenea huenda isiione kadi ya gigabaiti 64 hata ukiifomati upya. Kwa maoni yangu, hakuna sababu ya kuhangaika na ukubwa huo, kwa kuwa flashi ya gigabaiti 16 hubeba zaidi ya nyimbo 2,000 za dakika tano kwa ubora nitakaoueleza hapa chini, na redio huchukua muda mrefu kusoma orodha kubwa kila unapowasha gari.

Kwenye Windows, bofya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Format, kisha FAT32. Kwa flashi inayozidi gigabaiti 32, dirisha hilo kwa miaka mingi halijatoa chaguo la FAT32, na hapo ndipo programu ya bure ya Rufus inaposaidia. Kwenye Mac, fungua Disk Utility, uonyeshe kifaa chenyewe badala ya sehemu iliyo chini yake, uchague MS-DOS (FAT), na kwenye mpangilio wa sehemu uchague Master Boot Record, kwani redio ya gari haielewi mpangilio mpya wa GUID. Kufomati hufuta kila kitu, kwa hiyo hamisha kwanza picha za harusi na hati za ofisini zilizokuwa humo.

Ununuapo flashi mitaani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, ipime kabla ya kuiamini. Zipo flashi zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 64 huku uwezo wake halisi ukiwa sehemu ndogo ya hizo. Nyimbo za mwanzo hupiga vizuri, na zinazofuata hugeuka kelele au ukimya. Programu ndogo ya H2testw huijaza flashi nzima kwa mafaili ya majaribio, kisha huyasoma tena na kukuambia ukweli.

Sasa nyimbo zenyewe. Muundo ambao karibu kila redio ya aina hii huupokea ni MP3, kwa masafa ya sampuli ya kilohezi 44.1 na kasi ya data isiyobadilika ya kilobiti 192 kwa sekunde, ambayo ni takriban megabaiti moja na nusu kwa kila dakika. Kilobiti 320 nazo husomeka, ila ndani ya gari lenye mngurumo wa injini na vioo vilivyo wazi ni vigumu mtu kutambua tofauti. Ninasisitiza kasi isiyobadilika kwa sababu redio za zamani hukosea kuhesabu muda wa wimbo wenye kasi inayopanda na kushuka, na ukijaribu kusogeza wimbo mbele hurukia mahali pasipotarajiwa. Mawaidha, mahubiri na visomo vingine vya maneno pasipo muziki vinatosheka na kilobiti 64 za chaneli moja, nawe utaokoa nafasi kubwa.

Si kila faili linahitaji kubadilishwa, na hili husahaulika. MP3 iliyopo iache kama ilivyo, hata kama ni ya kilobiti 128, maana kuipandisha hadi 320 huongeza uzito wa faili bila kurudisha sauti iliyokwishapotea. Kila ubadilishaji kutoka muundo mmoja uliobanwa kwenda mwingine hupunguza ubora kidogo, kwa hiyo kama jedwali la redio yako linataja AAC, jaribu kwanza M4A (faili ambalo kwa kawaida hubeba AAC) moja au mbili zikiwa hivyohivyo. Yanayopaswa kubadilishwa ni FLAC, WAV, OGG, Opus na AMR. Jumbe za sauti za WhatsApp ni Opus, na rekodi zilizofanywa kwa simu za zamani mara nyingi ni AMR au 3GP; ndiyo maana shairi alilorekodi shangazi kijijini halisikiki garini ingawa kwenye simu linasikika. Kubadilisha jina la faili kutoka .opus kuwa .mp3 hakusaidii kitu, kwa sababu kilichomo ndani hakijaguswa. Nyimbo zilizopakuliwa ndani ya programu kama Spotify nazo zimefungwa kwa ajili ya programu hiyo tu, na njia yake ya kufika garini ni Bluetooth au waya wa AUX.

Kwa mtu mwenye mafaili machache, programu ya Audacity inatosha: fungua wimbo, uende kwenye sehemu ya kusafirisha sauti, uchague MP3, kisha Constant na 192. Mwenye mamia ya nyimbo atumie FFmpeg, ambayo haina madirisha ya kubofya lakini humaliza folda nzima kwa amri moja. Kwenye Windows, tengeneza folda mpya kwenye diski ya kompyuta, unakili humo nyimbo za M4A, fungua kidirisha cha amri (cmd) ukiwa ndani ya folda hiyo, na uandike:

for %f in (*.m4a) do ffmpeg -i "%f" -vn -ar 44100 -b:a 192k -id3v2_version 3 "%~nf.mp3"

Sehemu ya -vn huondoa picha ya jalada, ambayo ikiwa kubwa hufanya redio ikwame. Sehemu ya -ar huweka masafa ya sampuli, -b:a huweka kasi, na kipande cha id3v2_version huandika jina la wimbo na la msanii kwa toleo ambalo redio za zamani hulielewa. Bila kipande hicho, FFmpeg hutumia toleo la 2.4, na baadhi ya redio zitaonyesha alama zisizosomeka mahali pa jina la msanii. Kwa FLAC, badilisha tu neno m4a katika amri hiyo. Majina yaliyokosewa tangu mwanzo hurekebishwa kwa programu ya Mp3tag, nayo huweza kusahihisha albamu nzima kwa mara moja.

Ukikusanya taarabu ya miaka ya zamani pamoja na bongo fleva ya juzi, utaona sauti inazama na kulipuka kati ya wimbo na wimbo, nawe utashinda ukizungusha kitufe cha sauti badala ya kutazama barabara. Programu ya MP3Gain husawazisha kiwango hicho bila kuubana wimbo upya, na desibeli 89 inazopendekeza yenyewe zinafaa.

Mpangilio wa nyimbo una kanuni yake. Redio nyingine hupanga kwa majina, nyingine kwa mfuatano ambao mafaili yaliandikwa kwenye flashi, na hizi za pili ndizo zinazowachanganya watu. Suluhisho linalozikidhi zote mbili ni kuanza kila jina kwa namba, 001, 002 na kuendelea, kisha kunakili folda moja baada ya nyingine kwenye flashi iliyofomatiwa upya. Tumia majina mafupi, yasiyo na alama za ajabu. Usirundike folda ndani ya folda. Ngazi mbili, ya msanii na ya albamu, zinatosha. Namba 255 hujirudia sana katika vitabu vya maelekezo kama kikomo cha mafaili ndani ya folda moja, kwa hiyo ukibaki chini ya hapo una usalama mkubwa.

Anayetumia Mac ana kazi moja zaidi, kwani mfumo wake huacha mafaili yaliyofichwa ambayo majina yake huanza kwa nukta na mstari wa chini, na redio huyahesabu kama nyimbo mbovu. Baada ya kunakili, andika kwenye Terminal, yaani kidirisha cha amri cha Mac, dot_clean -m /Volumes/ ikifuatiwa na jina la flashi.

Redio za zamani zenye diski kuu ndani yake, kama zile za Nissan zenye sehemu iitwayo Music Box, nyingi hazina tundu la USB hata kidogo. Hizo hurekodi zenyewe kutoka kwenye CD ya kawaida ya sauti, na kwa kawaida CD ya MP3 huipiga tu bila kuirekodi. Ukitaka nyimbo zibaki ndani, choma CD ya sauti ya dakika 80. Ukitaka kusikiliza safari nzima bila kubadilisha, CD ya MP3 ya megabaiti 700 itakupa kama saa nane.

Flashi ikisomeka kwenye kompyuta na kugoma garini, hakikisha kwanza kwamba tundu ulilochomeka si la kuchajia tu. Tundu halisi la redio mara nyingi liko kwenye waya uliofichwa ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria. Simu iliyochomekwa hapo kwa waya haionekani kama flashi, kwa kuwa Android hutumia njia ya MTP ambayo redio hizi nyingi hazikufundishwa. Ikiwa flashi inasomeka ila hukwama kwenye wimbo fulani, uondoe wimbo huo peke yake, uubadilishe upya kutoka kwenye faili la asili, kisha uurudishe.