Udongo wa Rombo unaishia ziwa Jipe, chimbeni makontua (mitaro ya kukatiza mteremko) kabla ya masika

Wakulima wenzangu wa Rombo na Moshi, leo naongelea udongo ila naanzia mbali kidogo. Mto Lumi unatokea huku kwetu mlima Kilimanjaro, unavuka mpaka unaingia Taveta Kenya, unamwaga ziwa Jipe ambalo ni letu na lao, halafu maji yanatoka na mto Ruvu yanarudi Tanzania mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu. Sasa wewe umelima mteremko kwa kushuka nao, mvua ikipiga ule udongo wa juu wenye rutuba unavuka mpaka bila pasipoti, unaenda kujaza ziwa la watu. Mambo ya tabianchi wakubwa wanayakalia vikao pale Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) Arusha, sawa, ila mtaro wa shamba lako hauchimbwi kikaoni.

Wenzetu wa Machakos, Kenya, wametumia sana fanya juu, yaani kontua ambayo udongo wake unarushwa upande wa juu, na sisi tuige tu. Kwanza tupime levo. Chukua miti miwili ya mita mbili hivi, funga juu, weka mti wa kukatiza iwe kama herufi A, ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha, weka alama kamba inapogusa ule mti wa kukatiza, badilisha miguu, weka alama ya pili, katikati ya hizo mbili ndo levo yako. Kamba ikikaa hapo piga kigingi kila mguu, geuza, songa mpaka mwisho wa shamba (usikadirie kwa macho, kwenye mteremko macho yanadanganya balaa). Fuata vigingi, chimba futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, udongo rusha upande wa JUU, kwenye tuta panda gwatemala au majani tembo, kiangazi ng'ombe anakula hapohapo.

Muda? Januari na Februari. Kituo cha hali ya hewa cha ICPAC kule Ngong Kenya kinatoa utabiri wa msimu kwa nchi zetu hizi, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) nao wanatoa wa kwetu, fuatilieni. Wakisema mvua chini ya wastani usiache kuchimba, hayo maji kidogo ndo ya kuyazuia yasikimbie.

Mliolima mpaka ukingoni mwa mto, sheria ya mazingira ya 2004 inasema acha mita 60 kutoka kwenye maji. Najua kuna mashamba hayafiki hata hizo 60, ndo ugumu wenyewe, ila anza sasa kuacha majani yaote kando ya maji.

Mvua kubwa ya kwanza ikipita zunguka shamba, tuta likibomoka ziba siku hiyohiyo.