Jinsi ya kusoma picha za zamani za miji ya kesho

Ukikutana na zile picha za kizamani za miji ya kesho, magari yamejipanga kama siafu, usikimbilie kucheka. Mi huwa naanza na swali moja tu, nani alilipa? Chukua Futurama, ile modeli kubwa ya nchi ya kesho kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York 1939, aliibuni mbunifu Mmarekani Norman Bel Geddes ila hela ilitoka General Motors, sasa muuza magari ulitegemea akuchoree nini kama sio barabara?

Halafu sogeza macho karibu, hapa ndo penye utamu. Watu walikaa kwenye viti vinavyotembea vyenyewe, wanachungulia chini utadhani wako kwenye ndege, wanaona vijengo kama nusu milioni, miti milioni moja, na vigari 50,000 ambavyo 10,000 kati yake vilikuwa vinatembea kweli, afu barabara ya leni 14 kila kundi la leni na spidi yake, maili 50, 75 mpaka 100 kwa saa! Ukitoka unapewa beji kwamba umeshaiona kesho (hapo kwenye beji hata mimi ningepanga foleni).

Kisha mtafute mtembea kwa miguu yuko wapi. Kwa Geddes wamepandishwa juu, wana njia zao za ghorofani ili magari yasisumbuliwe.

Mwisho angalia mwaka. Walikuwa wanaota 1960, na sheria ya barabara kuu za Marekani ilipita 1956, yani leni walizipata. Foleni ndo hawakuichora.