Kuigeuza AEC Matador ya jeshi kuwa lori la magogo: modeli ya 1/35

Vita vilipokwisha mwaka 1945, jeshi la Uingereza lilibaki na magari mengi kuliko lilivyohitaji, na yaliyozidi yakauzwa kwa raia. Matador ilipata kazi upesi kuliko mengi. Iliundwa na kampuni ya AEC, London, ili kuvuta mizinga: ekseli zote mbili zinasukuma, injini ni ya dizeli ya lita 7.7 yenye nguvu-farasi 95, na katikati ya chesi kuna winchi ya tani 7. Tena AEC ndiyo iliyokuwa ikitengeneza mabasi ya London, kwa hiyo mafundi wa karakana za mabasi waliijua injini ile kwa kuigusa tu. Kampuni za mabasi zikaifanya gari la kuvutia mabasi yaliyoharibika njiani. Wakata miti wakaifanya gari la kutoa magogo msituni, na hiyo ndiyo tunayoijenga hapa.

Modeli nyingi za namna hii huharibika kabla gundi haijafunguliwa. Mtu huchukua seti ya lori la jeshi, akalipaka nyekundu, akabandika jina la kampuni mlangoni, akaona amemaliza. Matokeo yake ni lori la jeshi lililopakwa rangi. Gari lililobadilishwa kwa kweli lilipita kwenye mikono ya mchomeleaji aliyekuwa na kazi ya kufanya kesho yake asubuhi: alikata kilichomzuia, akaongeza kilichomsaidia, na kisichomhusu akakiacha palepale. Kila kipande unachoondoa au kuongeza lazima kiwe na kazi au sababu. Ukishindwa kuitaja sababu yake, kiache.

Seti na vifaa

Kampuni ya seti za modeli, AFV Club, imetoa Matador ya 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko gari halisi, na vipimo vyote humu ni vya kipimo hicho. Airfix wana ya 1/76 inayokuja pamoja na mzinga wa inchi 5.5, ukitumia hiyo, gawanya kila kipimo chetu kwa 2.2.

Zaidi ya seti utahitaji bamba za styrene, yaani plastiki ya modeli, za milimita 0.25, 0.5 na 1. Chaneli ya styrene yenye umbo la U, upana milimita 4, kama sentimita 40. Fito ya mviringo ya milimita 1.5, waya wa shaba wa milimita 0.3, kamba ya chuma iliyosokotwa ya milimita 0.5, nusu mita. Na mkufu mwembamba wenye pete za mviringo zisizopinda. Mikufu mingi ya vito ina pete zilizopindwa ili ilale vizuri shingoni. Mnyororo wa kazi hauko hivyo, na jicho hulitambua kosa hilo hata mtazamaji asipojua ni nini kinachomsumbua.

Kabla ya kukata chochote, pima. Matador halisi ina urefu wa mita 6.32 na upana wa mita 2.4, yaani milimita 181 na 69 kwenye meza yako. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 110. Namba hizi ziandike kwenye karatasi ukutani, maana kila unachoongeza kitapimwa kwazo.

Kuvua ujeshi

Bodi ya nyuma yenye viti vya askari na makasha ya risasi haiingii kabisa. Iweke pembeni; mbao zake zitafaa baadaye. Ondoa bamba la duara la manjano lililoonyesha uzito wa gari kwenye madaraja, ondoa vifuniko vya taa vya wakati wa giza la vita, na ondoa vishikio vya sepetu na sururu ikiwa vimechongwa kwenye plastiki. Vikate kwa kisu kikali kilicholazwa, piga msasa namba 400, kisha 600, kisha 1000. Ukianza na namba ya juu utasugua kutwa nzima na alama itabaki.

Baadhi ya Matador za vita zina tundu la duara juu ya kebini, alikosimama mlinzi wa kutazama ndege. Usilijaze kwa mastiki ukalilainisha likapotea. Karakana ya magogo isingejisumbua hivyo. Kata duara la styrene ya milimita 0.25 lililo pana kuliko tundu kwa milimita 1 kila upande, libandike juu, na uzungushe vichwa vya bolti vya milimita 0.6. Kiraka hicho kidogo kinaeleza maisha ya gari kuliko maandishi yoyote ya mlangoni.

Kebini yenyewe ni fremu ya mbao iliyovikwa bamba za chuma. Mbao zile zilinyonya maji na kuoza, ndiyo maana magari mengi yaliyodumu kazini yalijengewa kebini mpya au kutiwa viraka. Kwa modeli ya miaka ya 1950, bakiza kebini ya jeshi na uweke viraka viwili vitatu sehemu ya chini ya milango. Kwa miaka ya 1960 na kuendelea, una uhuru wa kubadilisha zaidi.

Mkono wa kreni

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo modeli inapopata au kukosa uzito machoni. Mikono hii ilitengenezwa karakana kwa karakana, kwa hiyo hakuna mchoro mmoja wa kuufuata. Kuna kanuni za nguvu, lakini, na hizo haziepukiki.

Umbo la kawaida ni herufi A. Miguu miwili ya chaneli inasimama juu ya chesi karibu na mwisho wa nyuma, inaegemea nyuma na kukaribiana juu. Usawa wa juu wa chesi uko kama milimita 28 kutoka ardhini, na kichwa cha mkono kikae kama milimita 97, yaani mita 3.4 halisi. Kichwa kipite mwisho wa chesi kwa milimita 23 hivi. Kikipita zaidi, gogo likining'inia lingeinua magurudumu ya mbele. Kikipungua, gogo lingegonga chesi. Kwa vipimo hivyo kila mguu unatoka milimita 77 au 78. Kata 80, kisha punguza kwa tupa mpaka ikae sawa.

Chini, miguu iachane kwa upana wa chesi, milimita 25. Juu, iachane milimita 8 ili puli ipate nafasi. Ibandike ikiwa imelazwa juu ya mchoro uliochora kwenye karatasi yenye miraba, na uifunike karatasi hiyo kwa utepe wa plastiki ili gundi isishike. Ongeza ubao mmoja wa kukatiza kwenye theluthi ya juu. Acha usiku kucha. Mkono uliosimamishwa kabla gundi haijakauka hupinda taratibu, na utagundua siku ya pili kwamba lori lako linatazama pembeni.

Miguu peke yake isingesimama. Mizigo inavuta kwenda nyuma, kwa hiyo lazima kuwe na vishikizo viwili kutoka kichwani hadi kwenye chesi nyuma ya kebini. Tumia fito ya milimita 1.5. Urefu wake upime kwa uzi modeli ikiwa imesimama, kwa sababu tofauti ya nyuzi moja ya mwegemeo inabadilisha urefu kwa milimita nzima.

Puli ina kipenyo cha milimita 8. Gundisha duara tatu: mbili za 8 kwa styrene ya 0.5, na moja ya 6.5 katikati kwa styrene ya 1. Mfereji wa kamba unajitokeza wenyewe.

Kisha viungo. Mchomeleaji huacha mshono uliovimba, nao lazima uonekane. Pasha fremu ya plastiki iliyobaki kwenye seti juu ya mshumaa mpaka ilainike, ivute iwe uzi wa milimita 0.4, ilaze kwenye kiungo na uipake gundi nyembamba. Subiri dakika mbili tatu, plastiki ilegee. Sasa ubonyeze kwa ncha ya kisu, alama baada ya alama, zikifuatana kama magamba ya samaki. Ukibonyeza mapema, uzi unakatika. Ukichelewa, kisu kinateleza na kukwaruza chaneli. Jizoeze kwenye kipande cha kutupa.

Nyuma na mbele

Winchi ikivuta gogo lililokwama, kinachosogea ni kile chepesi. Ndiyo maana malori haya yalikuwa na jembe nyuma: bamba zito lenye bawaba, lililoshushwa na kuzama ardhini gari likirudi nyuma kidogo. Litengeneze kwa styrene ya milimita 1, upana milimita 40, kimo milimita 17, na makali ya chini yachongwe kwa tupa. Mikono miwili ya chaneli inaliunganisha na chesi. Amua mapema kama limeinuliwa au limeshushwa, kwa sababu likishushwa lazima ardhi ya diorama, yaani mandhari ndogo utakayoiweka modeli, iwe na mtaro wake.

Juu ya chesi, kati ya kebini na mkono, weka sakafu fupi. Hapa ndipo mbao za bodi ya jeshi zinaporudi. Ubao wa upana wa milimita 5 na unene wa 1 unafaa. Weka juu yake sanduku la vifaa, minyororo miwili na kamba ya akiba. Usijaze zaidi, dereva alihitaji mahali pa kukanyaga.

Kwenye kebini ongeza vioo vya pembeni, milimita 4 kwa 7, kwenye vishikio vya waya wa 0.3. Taa za mbele ziwe na kipenyo cha milimita 5. Namba za usajili kwa gari la kabla ya miaka ya 1970 ni herufi nyeupe au za rangi ya fedha kwenye bamba jeusi, kimo cha herufi milimita 2.5. Bamba la kuakisi mwanga, jeupe mbele na manjano nyuma, lilikuwa la lazima kwa magari mapya kuanzia 1973.

Rangi, tabaka kwa tabaka

Paka kwa mpangilio uleule ambao gari lenyewe lilipakwa. Anza na praima. Baada ya hapo paka kijani cha jeshi, SCC 15, kilichoanza kutumika mwaka 1944, kwenye kebini na chesi tu. Mkono wa kreni usipate kijani hata tone: ulizaliwa raia. Uupake rangi nyekundu-kahawia ya kuzuia kutu.

Ubavuni mwa kebini andika namba ya jeshi inayoanza na H, herufi ya matrekta ya kuvutia mizinga. Ifunike kwa vanishi ya kung'aa, acha ikauke siku nzima. Halafu puliza dawa ya kushikilia mtindo wa nywele (hairspray), tabaka mbili nyepesi, nusu saa kati yake. Juu yake paka rangi ya mwenye gari, na iwe akriliki ya maji. Rangi ya thina haipitishi maji, kwa hiyo dawa iliyo chini haitayeyuka na hutabandua kitu.

Ndani ya saa moja, lowanisha sehemu ndogo kwa maji ya uvuguvugu, subiri nusu dakika, kisha sugua kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Kumbuka kipimo. Banduko la milimita 1 ni sawa na sentimita 3.5 za rangi iliyong'oka. Mengi yawe ya milimita 0.3. Yaweke mahali panapoguswa: ukingo wa mlango, ngazi, pembe za bampa, mahali mnyororo unapotupwa. Penye banduko, kijani kitokee kwanza. Chuma cheusi na kutu viwe katikati ya kijani, vichache, na kwenye makali tu. Rangi ikitoka kwa mapande makubwa, ulipaka nene mno. Isipotoka kabisa, umechelewa.

Namba ya jeshi usiibandue. Sugua juu yake taratibu kwa msasa namba 2000 wenye maji mpaka kivuli chake kionekane kwa shida, kana kwamba mwenye gari alipaka tabaka moja akaona inatosha.

Kwa jina la biashara mlangoni, buni lako. Malori haya yaliandikwa kwa mkono na waandishi wa mabango, kwa hiyo herufi zenye kivuli zinafaa.

Tope la msituni litengeneze kwa unga wa rangi, plasta kidogo na gundi ya akriliki. Lijaze ndani ya rimu, chini ya vikinga-tope na kwenye jembe. Kwenye puli na rola za winchi weka grisi, yaani rangi ya mafuta nyeusi-kahawia iliyochanganywa na vanishi ya kung'aa. Ikiwa tairi za seti yako ni za mpira laini, zipake akriliki tu. Enameli juu yake hubaki ikinata kwa miezi.

Gogo na kamba

Gogo lenye kipenyo cha nusu mita ni milimita 14 kwa modeli. Tafuta kijiti chenye ganda laini, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 100 kwa saa moja ili wadudu wafe. Kikwazo ni ncha zake. Kijiti kina kiini kikubwa na duara chache za umri, kwa hiyo ncha husema ni kijiti. Zibe kwa mastiki, chora duara nyingi kwa sindano, na upake rangi ya mti uliokatwa jana: krimu inayoelekea manjano.

Kamba ni ya mwisho. Ifuatishe njia yake yote: kutoka winchi, juu ya rola ya nyuma, hadi puli ya kichwani, kisha ndoana. Ipitishe kwanza kwenye moto wa mshumaa kwa sekunde moja ili ipoteze ukakamavu, maana kamba mpya hutaka kujikunja kama springi. Gundisha upande wa winchi kwa tone la supa glu, ning'iniza gogo, na kabla ya kugundisha upande wa pili, tundika koleo ndogo kwenye ndoana. Uzito wa koleo utainyoosha. Liache hapo mpaka asubuhi.