Kutoka kidato cha nne hadi uuguzi: anza na cheti chako, chuo baadaye

Juzi binti wa kaka yangu alikuja na simu mkononi, matokeo yake ya kidato cha nne kwenye kioo: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiswahili B, Hesabu F. Anataka uuguzi. Tulikaa jikoni tukichambua mchele hadi usiku, na haya ndiyo niliyomwandikia nyuma ya bahasha.

1. Angalia masomo, achana na divisheni

Diploma ya uuguzi na ukunga hapa Tanzania inataka angalau D nne za masomo yasiyo ya dini, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Huna Fizikia? Anayekuambia "tutakuingiza hivyo hivyo" anataka hela yako.

2. Chagua njia

Ipo diploma ya moja kwa moja: miaka mitatu, ngazi za mafunzo ya ufundi NTA 4 hadi 6, na serikalini unaanza kama Afisa Muuguzi Msaidizi. Ipo pia ya kwenda kidato cha tano na sita, PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), halafu shahada ya miaka minne na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini.

Mimi ni mtu wa diploma, sifichi. Kama ada nyumbani inadundulizwa, anza na diploma. Mwaka wa nne wewe unaweza kuwa na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, mwenzako wa PCB yuko mwaka wa pili chuoni.

3. Hesabu

"Shangazi, si umesema Hesabu haitakiwi?" Haitakiwi leo. Kwenye diploma, Hesabu na Kiingereza ni nyongeza tu. Siku ukitaka shahada, chuo kikuu hakiishii kwenye GPA yako ya diploma, yaani wastani wa alama, ile 3.0 kwenda juu. Kinafunua tena cheti cha kidato cha nne, na vingi vinataka angalau D ya Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

Mimi niliyajua hayo baada ya miaka sita wodini. GPA ninayo, uzoefu ninao, nikakwama kwa F ya mwaka niliokuwa na miaka kumi na saba. Nikarisiti, yaani nikarudia mtihani. Natoka zamu ya usiku, naenda tuisheni na sare chini ya kitenge, nakaa na vijana wanaoniita mama. Mara ya kwanza F tena. Mara ya pili D. Miaka miwili imekwenda hivyo.

Kwa hiyo kama una F ya Hesabu, risiti mapema, kabla ya chuo ikiwezekana, maana ukishaanza mazoezi ya wodini muda hupati. Unasajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baraza la Mitihani, NECTA, hufungua usajili mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba, ukichelewa unalipa faini. Majina yaandikwe herufi kwa herufi kama kwenye cheti cha kwanza. Namba zote mbili za mtihani zitunze, ile ya S ya shuleni na ile ya P ya kujitegemea. Na usijitishe na mada zote: D inaanzia alama 30. Mimi nilishika takwimu, matriksi na uhasibu, jiometri ya duara nikaiacha na wenyewe.

4. Chuo

Hakikisha kimesajiliwa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi. Vya afya namba yake huanza na REG/HAS. Kisha uliza swali moja: wanafunzi wanafanya mazoezi hospitali gani, na wanafikaje? Chuo chenye majengo mazuri na hospitali ya kupanda magari mawili, mimi sikitaki.

5. Maombi

Tumia simu yako na barua pepe yako. Kijana wa steshenari akijaza namba yake, ujumbe wa kuthibitisha nafasi utaingia kwake, na siku hiyo yeye atakuwa amesafiri msibani.

6. Chanjo

Homa ya ini B ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Usisubiri fomu ya kujiunga. Binti yetu anachoma ya kwanza Jumatatu, na kadi nimemwambia aiweke kwenye bahasha ile ile.